Spika Isiyo na Kibali

Redio ya Shangazi muuza kahawa ndiyo iliyomharibia Kipara, kinyozi wa mtaa, asubuhi yake. Mtangazaji alisema kampuni ya simu imechoka na uhuni: kuanzia sasa hakuna kuunga kifaa chochote kwenye laini zake mpaka kipimwe, kipewe kibali na kubandikwa namba. Mafundi watapita mtaa kwa mtaa, na watakayemkuta na kifaa kilichotengenezwa nyumbani watamkatia laini.

Kijiwe kizima kikainua macho. Juu ya mlango wa kinyozi, pale pale juu ya benchi lao, ilining'inia spika kubwa ya matangazo yenye mdomo kama tarumbeta. Waya wake uliingia dirishani hadi kwenye simu ya mezani ya Kipara.

"Hicho," alisema Wakili, "ndicho kifaa chenyewe."

Wakili hakuwa wakili. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo akawa anajua sheria zote.

"Kifaa gani?" aliruka Injinia, fundi redio aliyeiunga kwa mikono yake. "Ile spika tu! Simu ikiita inajipokea yenyewe, sauti inatoka nje, Kipara anasikia hata kama mashine ya kunyolea inanguruma. Ubaya uko wapi?"

"Ina kibali?"

"Ina kibandiko."

Wakili akapanda juu ya benchi, akasoma kwa sauti. "'Tahadhari. Usiiache juu ya nguo ikiwa na moto.' Injinia! Hiki kibandiko cha pasi!"

"Kwani spika yangu imeunguza nguo ya nani?"

Wote wakacheka isipokuwa Kipara. Kichwa chake, ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja wa kumtangazia biashara, kilikuwa kimeanza kutoka jasho. Leo alikuwa anasubiri jibu la posa. Baba wa binti, Mzee Nguzo, alimaliza ujana wake juu ya nguzo za simu akiwa fundi wa kampuni hiyo hiyo, na mpaka leo amestaafu anaamini simu za mkononi ni za wahuni. Alishamwambia Kipara waziwazi: nitapiga kwenye simu ya waya, tena mara moja tu.

"Ichomoe, mwanangu," alisema Shangazi huku akimimina kahawa. "Ichomoe kabla hawajafika."

"Nikiichomoa sitasikia simu, Shangazi. Kengele yake ilishakufa."

"Basi kaa ndani uikodolee macho."

"Na vichwa vya watu nimwachie nani?"

"Mwachie Injinia," alisema Wakili. "Atavibandika vibandiko."

"Wewe Wakili, usinichezee!" Injinia alikuwa amesimama sasa. "Kanuni inataka kifaa kisidhuru laini. Changu kimedhuru nini?"

"Juzi mteja alipiga kuuliza kama Kipara amefungua. Nusu ya mtaa ikamjibu 'bado'!"

"Hiyo ni huduma kwa wateja. Tena ngoja nikuulize. Ukipiga simu, sikio lako si unaliunga hapo hapo? Lilipimwa lini?"

Wakili alilishika sikio lake. "Hili nimezaliwa nalo."

"Umezaliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Basi limetengenezwa nyumbani! Ndilo linalokatazwa!"

Shangazi alicheka mpaka birika likayumba. Kipara akapiga kofi benchini.

"Jamani, nyie mnacheza, mwenzenu naangamia! Mzee Nguzo mnamjua au mnamsikia? Alimkatia simu dada yake wa tumbo moja kwa kuunga simu ya pili chumbani bila kuomba. Yule mzee ana koleo mahali pa moyo. Akijua nina hili tarumbeta, binti ndiyo basi tena." Sauti ikamshuka. "Nami nampenda, jamani. Nikishika wembe namuwaza yeye. Ndiyo maana nilimnyoa Injinia nyusi ya kushoto."

"Kumbe!" alisema Injinia, akipapasa mahali ilipokuwa.

Wakili alimwonea huruma. "Basi tufanye mazoezi. Mimi ndiye Mzee Nguzo. Haloo! Kijana, mbona sauti yako inatoka mbali kama uko ndani ya pipa?"

"Shikamoo, baba. Ni... laini mbovu."

"Mbovu? Laini niliyoivuta mwenyewe?"

"Umeshakosa mke," alisema Shangazi. "Mwambie una mafua."

"Nina mafua, baba."

"Na hao wanaocheka nyuma yako?"

"Nao wana mafua, baba."

"Na huo mwangwi?"

"Huo ndio ulioniambukiza, baba."

Kijiwe kikavunjika mbavu. Hata Kipara akajikuta anacheka, na moyo ukamtulia kidogo.

"Mafua hayo," ilisema sauti nzito kutoka juu ya vichwa vyao, "yamekuanza lini?"

Kahawa ya Wakili ilimmwagikia mapajani, naye hakuthubutu hata kusema "ah".

"Shi... shikamoo, baba," Kipara aliiamkia spika, amesimama wima.

"Marahaba. Nimepiga tangu redio yenu inasoma tangazo. Spika ya namna hiyo, ikiungwa vibaya, inasikiliza pia. Fundi wako hakukwambia?"

Injinia alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Habari ya sikio nimeisikia. Na ya koleo nimeisikia."

"Baba, nisamehe! Naichomoa sasa hivi, nakata kila kitu!" Kipara akanyakua mkasi, akarukia benchi.

"Usiguse huo waya!"

Mkasi ukabaki hewani.

"Kanuni ni kanuni. Kesho nakuja kuichomoa mwenyewe. Lakini leo iache ilivyo. Mamamkwe wako amevuta kiti hapa, anasema hajamaliza kusikiliza."

Mamamkwe wako. Kipara alilirudia neno hilo kimoyomoyo, kisha akakaa chini taratibu. Machozi yakamlenga, na hakuona haya.

"Haya," ilisema spika. "Endeleeni."

Wakili akakohoa. Injinia akamtazama Shangazi, Shangazi akalitazama birika. Watu ambao hawajapata kukosa la kusema tangu benchi lile liwekwe pale walikaa wamenyooka, mikono magotini.

"Ah!" ilisema sauti ya mama kutoka juu, imejaa masikitiko. "Wameshakatiwa laini."