Tonton wa Lubunga

Valère hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Watu walimpa wenyewe, tena wakamsaidia kubeba. Mwaka ule wa 1956 alikuwa akipita Makiso, mtaa wa Kisangani, hana hili wala lile, alipoiona Chevrolet kuukuu uani kwa Mama Berthe, mjane muuza samaki. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Macho ya Valère yaliruka mayai yakatua kwenye boneti, maana ng'ambo ya mto, kule Lubunga, Nassoro mwenye kinu cha mpunga alikuwa akitafuta moteri, injini ya kuzungushia kinu, kwa udi na uvumba.

“Mama, hii motokari iko muzima,” alisema. “Moteri tu ndiyo mugonjwa. Inaomba kutolewa, kufunguliwa, kusafishwa kila kipande.”

“Na wewe unajua?”

“Mi najua kutoa. Kutengeneza, niko na tonton wangu Lubunga, fundi ya reli. Anafanyaka kwake nyumbani, polepole. Donc mi navusha, yeye anatengeneza, mama unapanda.”

Tonton huyo, yaani mjomba, alikuwa amezaliwa kinywani mwa Valère dakika ile ile, na mvi zake kichwani.

Berthe alifikiri. Kila asubuhi alibeba samaki kichwani kutoka maporomokoni, na shingo ilikuwa imeanza kukataa. Gari lile likitembea, atapona. Likipotea, hana kingine.

“Fundi ya reli, Lubunga,” alisema. “Ah bon. Basi toa.”

Hakuuliza hata jina. Valère alipaswa kushtuka hapo, lakini msemaji mzuri hapendi kukatizwa.

Kazi ilichukua siku mbili. Valère alimwaga maji ya radieta, akang'oa boneti, akafungua mabomba na bolti, na Berthe akazitunga bolti zote kwenye kamba kwa mpangilio zilivyotoka. Halafu Valère akasimamisha miti mitatu, akakodi mnyororo wa kunyanyulia, na moteri ikapanda juu taratibu. Mnyororo alilipa yeye. Wabebaji, pombe yao ya mawese na pirogi, mtumbwi wa Wagenya, wavuvi wa maporomoko, yeye pia.

“Kwa mujane siwezi kuomba kitu,” alisema, na mfuko ulimuuma kweli.

Mtu wa Kisangani akikodi wapiga kasia wa maporomokoni, kwanza huwauliza ni watoto wa nani. Valère, mzaliwa wa Bumba, aliuliza bei tu. Pale ufukweni Berthe aliwaambia maneno mawili kwa lugha yao, nao wakacheka.

Katikati ya mto Valère alimwona Nassoro na kofia yake nyeupe, amesimama kwenye gati la Lubunga akingoja moteri aliyoahidiwa. Pirogi ikampita.

“Pale, pale,” alisema Valère.

“Yaya Berthe amesema tupeleke kwa tonton,” alijibu mpiga kasia. “Tunapeleka kwa tonton.”

“Yaya? Huyu mama ni dada yenu?”

“Wa sisi wote.”

Mbele kidogo, ufukweni, alisimama mzee mwenye mvi, ovaroli ya reli imelowa grisi.

“Inaonekana ni mimi tonton yako,” alisema. “Dada yangu alinitumia neno tangu juzi. Karibu, mutoto. Kutoa unajua. Sasa utajifunza kurudisha.”

Valère angesema moteri iende kwa nani, kama si kwa tonton? Wapiga kasia walikuwa wameshakaa kula, na hakuna aliyeonyesha haraka ya kumrudisha.

Alisugua pistoni kwa mafuta ya taa wiki tatu, kisha moteri ikavushwa kurudi Makiso, ikafungwa kwa bolti zile zile za kwenye kamba. Siku Chevrolet ilipokohoa, ikakohoa tena, halafu ikanguruma, Berthe alicheka mpaka machozi, mkono shingoni. Alipakia vikapu vya samaki hadi kiti cha mbele.

“Na mi, mama, nakaa wapi?”

“Wewe? Tonton yako anakungoja Lubunga. Nassoro alipata moteri fulani, kumbe mbovu. Inaomba kutolewa.”

Valère aliitazama mikono yake, nyeusi hadi viwikoni, akauliza pirogi inaondoka saa ngapi.