Mama Mkwe Amenivunjia Rekodi ya Pinboli

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa barua,

Naomba nafasi gazetini mwako, hata kama ni ile pembe ndogo chini ya matangazo ya vitu vilivyopotea, maana na mimi nimepotelewa. Nimepotelewa na heshima, nyumbani kwangu mwenyewe, sebuleni, mchana kweupe.

Mimi ni fundi wa lifti mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepandisha na kushusha watu, na hakuna aliyewahi kukwama mikononi mwangu zaidi ya robo saa. Nilipostaafu sikutaka kufuga kuku wala kugombea uongozi wa kamati yoyote. Nilitaka kitu kimoja tu: mashine ya pinboli. Kwa vijana wasioijua, ni meza ndefu iliyoinama kidogo na kufunikwa kioo. Chini ya kioo gololi ya chuma inakimbia huku ikigonga kengele na kuwasha taa. Mchezaji ana vibao viwili vya kuirudisha juu, kimoja kila upande. Ikimponyoka katikati, basi, imekwenda.

Yangu ilikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia sinema, enzi za ujana wetu. Sinema ilipovunjwa niliikuta kwa muuza vyuma chakavu, imelaliwa na mabati, panya wamezaa katikati ya nyaya. Nimeitengeneza miaka mitatu. Nimesugua swichi mia moja na kumi na nne kwa msasa laini, moja baada ya nyingine. Nimesuka upya koili za waya, nimebadilisha raba zote, na yule mwanasarakasi aliyechorwa kwenye kioo cha nyuma nimempaka rangi kwa brashi nyembamba huku nimezuia pumzi. Siku taa zilipowaka, mke wangu alitoka jikoni akapiga makofi. Nilicheza, nikapata pointi 68,410, nikaziandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Hiyo ikawa rekodi ya nyumba.

Kisha akaja mama mkwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikuja kwa wiki mbili, kutolewa mtoto wa jicho. Hii ni wiki ya tisa. Sisemi kitu, yule ndiye aliyenizalia mke. Lakini siku ya tatu baada ya upasuaji, jicho moja likiwa na bandeji, alisimama mbele ya mashine akaniuliza, "Baba, hiki kitufe nakibonyeza au nakishikilia?" Nikamwelekeza kwa upole wote. Baada ya dakika ishirini alikuwa na pointi 71,900. Kwa jicho moja, Mhariri! Akasema mchezo ni mzuri ila unachosha miguu, akaomba kiti.

2. Anaitikisa mashine. Ndani yake kuna kichuma kinachoning'inia. Ukiitikisa meza kupita kiasi, kinagusa pete yake na mashine inasusa. Taa zinazima, vibao vinalala, gololi umeipoteza. Mama mkwe anainuka kitini, anaisukuma kwa nyonga, kidogo tu, mpaka ukingoni kabisa mwa kususa, na haijawahi kumsusia hata siku moja. Mimi niliyeitoa kwenye mavi ya panya inanisusia nikipiga chafya. Naomba wasomaji wako wanisaidie: mtu anamwambiaje mama mkwe wake kwamba nyonga yake inavunja kanuni? Nilijaribu kupitia kwa mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

3. Hesabu. Mashine ina tarakimu tano tu. Ukipita 99,990 inarudi sifuri na kuanza upya. Jumanne iliyopita mama mkwe alifika huko, tarakimu zote zikageuka kwa mkupuo, na alipomaliza zilisomeka 1,220. Nikamwambia kwa adabu, "Pole mama, leo umepata elfu moja mia mbili na ishirini." Jirani yetu wa mlango wa pili, mwalimu wa hesabu mstaafu, akasimama na kutangaza kwamba hizo ni laki moja, elfu moja, mia mbili na ishirini. Nikamuuliza kama haoni kilichoandikwa. Akasema anaona vizuri sana, na anaona pia kwamba mwenye nyumba ana jasho. Mke wangu akaenda ukutani, akaibandua karatasi yangu. Aliikunja vizuri, hilo nalikubali, akaitia kwenye droo ya vijiko.

4. Huyo mwalimu anafanya nini sebuleni kwangu? Hilo ndilo lalamiko la nne. Kila saa kumi jioni wanakuja: yeye, mshona nguo wa ghorofa ya chini, na kinyozi ambaye nasikia siku hizi anafunga duka hata kama mteja amenyolewa upande mmoja. Wanakuja na vigoda vyao. Kwa miaka mitatu niliwaalika watu hawa waje waone kazi ya mikono yangu. Mmoja alikuwa na mafua miaka yote mitatu. Sasa wanakaa safu moja wakimshangilia mama mkwe, na mimi wananikumbuka pale tu panapoharibika kitu: "Fundi, taa ya kushoto imezima." Nainama, nabadilisha taa, nainuka, hakuna hata aliyegeuka.

5. Masikio yake. Mama mkwe alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na minane, enzi zile za kuchomeka waya huku na kule ili mtu azungumze na mtu. Kuna hitilafu iliyonitesa tangu mwanzo: mara moja moja gololi ilipiga kengele ya juu na pointi hazikuhesabiwa. Mwezi uliopita nilikuwa nacheza, yeye yuko jikoni anamenya vitunguu, akasema bila kugeuka, "Baba, hiyo ya tatu kutoka kushoto inachelewa kuitika." Sikumsikiliza. Nilifungua mashine nzima, nikahangaika siku nne, nikaikuta ni ya tatu kutoka kushoto. Jioni ile niliwaambia wote kwamba nimeigundua mwenyewe kwa uzoefu wa lifti. Mama mkwe alikuwepo. Akaniangalia, akasema, "Hongera baba," akanywa chai yake. Angenisuta mbele ya watu ningeweza kujitetea.

6. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipopeleka posa kwa binti yake, nilikataliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba nimeonekana sinema nikipigana na meza ya taa kama mhuni. Kwa mashine hii hii! Nilisubiri mwaka mzima na miezi miwili, nikaacha kucheza, nikaanza kuvaa mashati ya mikono mirefu, ndipo nikakubaliwa. Basi Ijumaa iliyopita, wageni walipoondoka, nikapiga moyo konde. Nikamuuliza, "Mama, unakumbuka ulininyima mke kwa sababu ya kitu hiki?"

Alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Kisha akasema, "Nilikuwa napita pale kila siku nikitoka zamu. Nasikia zile kengele, nakuona umezungukwa na wenzako. Ningeingia vipi mle, mama mzima, na sare ya kazi? Nikikuona unacheza nilikuwa nakasirika. Nikajiambia ni kwa sababu wewe ni mhuni."

Mhariri, hebu pima mwenyewe. Miaka yote nimeamini nilikataliwa kwa tabia mbaya, nikajirekebisha, nikawa mtu wa maana, kumbe nilikataliwa kwa wivu! Ningejua, ningemwachia zamu moja siku ile ile, na ndoa ikafungwa mwezi uliofuata.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Gazeti lako litangaze wazi kwamba 1,220 ni 1,220. Wabunge wetu watunge sheria ya kumzuia mama mkwe yeyote kucheza pinboli nyumbani kwa mkwewe akiwa ameketi. Mimi nirudishiwe mwaka mmoja na miezi miwili ya ndoa, ikiwezekana ile ya mwanzoni. Na mama mkwe aelezwe, na mtu mwingine si mimi, kwamba wiki mbili zina siku kumi na nne.

Nisikuchoshe zaidi. Nifikishie salamu kwa wapanga kurasa, kwa wasahihishaji, kwa mlinzi wa getini kwenu atakayeipokea barua hii, na kwa mama mkwe wako kama unaye. Mwangalie vizuri mikono yake.

Mimi niliyeonewa,
Fundi wa lifti mstaafu, aliyekuwa mwenye rekodi

Baada ya sahihi: Tafadhali usiichapishe barua hii. Mama mkwe amerudi sasa hivi kutoka kwa daktari. Jicho limepona, na amekwishaanza kukunja nguo. Anasema anaondoka Jumapili kwa basi la asubuhi. Nimemwambia apumzike kwanza, amesema amepumzika wiki tisa. Nimemwambia mashine itamkosa, amesema mashine haina moyo. Mke wangu amejifungia bafuni na amefungulia maji ili tusimsikie. Mimi nimejaribu kucheza mchezo mmoja, nikauacha gololi ya pili ikiwa bado inazunguka. Yeye anaamini gazeti lenu kuliko anavyoniamini mimi, kwa hiyo nakuomba uandike, hata mistari miwili, kwamba mabasi yote yamesimamishwa hadi taarifa nyingine. Kama kusema uongo hakuruhusiwi, basi andika kwamba Jumapili kutakuwa na mvua kubwa isiyofaa kwa safari. Hilo huwa mnaliandika hata bila ushahidi.