Kibao Kisitundikwe Kabla Mkwe Hajapata Mlango

Kambi ya Mgodi, Rwamgasa
Jumatano, 11 Machi 1953

Kwa Bwana Meneja wa Kambi,

Shikamoo. Naandika huku Jilala ananyonya, kwa hiyo herufi zikiyumba, ni yeye.

Nasikia Jumamosi wakubwa wanatoka Shinyanga kuja kutundika kibao kwenye nyumba yetu, kumsifu Bwana Mchoraji wa ramani kwa nyumba ya kisasa inayopatana na mazingira na mila za wenyeji. Sifa anastahili. Ni duara kama ya bibi yangu, ila ukuta ni saruji. Paa la nyasi lina ubaridi wa mtungi, na mkuyu aliukwepa badala ya kuukata. Hata hivyo nina malalamiko.

1. Mila zetu haziruhusu mume kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake. Nyumba ina chumba kimoja. Mayu, yaani mama yangu Nyamizi, alipokuja kunisaidia baada ya kujifungua, mume wangu Kalisti alitoka mbio kwa heshima. Tangu hapo analala kwa makapera, nao wamempa jina: Bwana Harusi wa Nje. Sasa karani wako ameamuru Mayu aondoke kabla ya Ijumaa, ati wageni wakute familia moja. Akiondoka, Bwana, nitamwogesha mtoto nimelala.

2. Basi ijengwe nyumba ya pili, ya Mayu. Mlango utazame kwingine.

3. Nyumba mbili za Kisukuma bila kihenge, ghala la mtama, ziko uchi. Kiwepo. Na zizi. Na ng'ombe, maana zizi tupu litatufanya tuchekwe.

4. Ua wa minyaa uzunguke vyote. Nimepima kwa hatua: unapita katikati ya mashine ya kusaga mawe. Naona kuhamisha mashine ni rahisi kuliko kuhamisha mila. Tena ina kelele, haipatani na mazingira hata kidogo.

Yakitimizwa, nitapiga vigelegele mpaka Geita wasikie. Yasipotimizwa, Mayu haondoki, na mlangoni nimekaa mimi.

Nisalimie Memsabu, watoto, mpishi na Bwana Mchoraji. Mayu hakusalimu, amenuna.

Ni mimi kwa heshima na usingizi,
Bernadina, Mama Jilala

Nyongeza: Nilipoleta barua hii, karani aliniambia ningoje katika stoo ya saruji. Nikaegemea magunia. Nimeamka alasiri! Stoo ni ya pembe nne, bati tupu, haipatani na mti, ndege, wala mila ya mtu yeyote. Mashine inabembeleza. Futa namba mbili hadi nne. Nyumba ya sifa mwachie Mayu na mjukuu wake. Mimi na Kalisti tupe stoo, hata leo. Mtoto akitaka kunyonya, Mayu ataita. Ana sauti.