Cherehani ya Bibi Iliyofungiwa Ndani ya Kioo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadhimisho ya Historia ya Jimbo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea pongezi zangu kwa Wiki ya Historia ya Jimbo, ambayo sasa inaingia mwezi wa nne. Sijui serikali nyingine iliyowahi kuirefusha wiki kwa ufanisi namna hii.

Mimi ni mjukuu wa fundi cherehani na ninaishi naye. Nimesoma historia chuo kikuu. Si mtu wa kulalamika. Mambo yakinikera huyaweka moyoni na kuyapanga. Sasa nafasi imekwisha, kwa hiyo nayaleta kwako kwa namba.

1. Katibu wako alikuja nyumbani mara mbili, akanywa chai, akasema cherehani ya Bibi ndiyo iliyoshona bendera ya kwanza ya Jimbo, na kwamba Kamati inaiomba kwa wiki moja tu. Bibi aliifuta vumbi mwenyewe na kuwaelekeza wabebaji namna ya kuipitisha mlangoni. Tangu siku hiyo Katibu huahidi kuirudisha "wiki ijayo", na Bibi, ambaye huwaamini watu waliovaa tai, huendelea kukata vitambaa. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Sare zimerundikana mezani, zimekatwa, hazijashonwa. Wateja wawili wameshachukua vitambaa vyao wakavipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye Bibi ndiye aliyemfundisha kutunga uzi. Hii ndiyo kazi inayomlisha, Mheshimiwa. Hana nyingine.

2. Cherehani ilichukuliwa ikiwa na kazi. Chini ya sindano palikuwa na shati la mtoto wa darasa la tatu, mkono mmoja umeshaungwa, wa pili bado. Wataalamu wako hawakulitoa. Sasa limo ndani ya kioo pamoja na cherehani, kwenye jumba lenu la maonyesho, na kibao chake kinasema: "Mfano wa mavazi ya zama zile." Nilimpeleka mama wa mtoto akajionee. Akakisogelea kioo, akasema, "Hili shati la mwanangu." Dada anayewaongoza wageni akamjibu kwa upole kwamba wageni wengi huguswa hivyo hivyo.

3. Kibao kikubwa kinasema cherehani ilitumiwa na "fundi asiyejulikana". Chuoni nilifundishwa kwamba kumbukumbu hupotea kwa vita, moto na mchwa. Sikufundishwa kwamba zinaweza kupotea kati ya sebule yetu na ofisi ya Katibu, mwendo wa dakika kumi, tena kwa mtu aliyeshiba chai.

4. Bibi alikwenda kuiona. Alikata tiketi, akapanga foleni nyuma ya wanafunzi, na alipofika mbele akatoa kichupa cha mafuta kwenye mkoba. Mlinzi akamwahi: "Bibi, hairuhusiwi. Hiyo ni historia."

"Najua, mwanangu," Bibi akamwambia, "lakini historia yako imekauka. Ukiikanyaga sasa itapiga kelele mpaka barabarani."

Aliteremshwa ofisi ya chini, akaandikiwa onyo. Onyo lina jina lake kamili. Kwa hiyo jengo moja linamjua ghorofa ya chini na halimjui ghorofa ya juu.

Nimeandikiwa na ofisi yako kwamba kitu kikishaingia kwenye orodha ya urithi wa Jimbo hakitoki. Naheshimu sheria, kwa hiyo siombi cherehani itoke. Naomba Bibi aingie.

Nafasi ipo, nimekipima kioo kwa tepu ya Bibi mwenyewe. Ataingia saa mbili asubuhi na kutoka mnapofunga. Wateja wapimwe pale penye dawati la tiketi. Kwa kuwa macho yake hayalioni vizuri tundu la sindano, nami itanibidi niwemo ili nimtungie uzi. Nina shahada, mnaweza kuniwekea kibao kinachoeleza matumizi ya elimu katika Jimbo letu. Pasi yetu ni ya mkaa, basi toboeni kioo juu moshi upite. Nyumba itakayobaki tupu apewe Katibu, ambaye anajua majani ya chai yanakaa wapi.

Na kwa kuwa nimeelewa utaratibu wenu, kwamba kitu kikishatukuzwa hakipaswi kufanya kazi tena, nashauri Kamati nzima iingizwe kwenye orodha hiyo. Mkae humo, mfutwe vumbi kila Ijumaa. Wananchi hawataona tofauti.

Nisalimie wajumbe wote, dereva aliyeibeba cherehani bila kuikwaruza, dada anayeongoza wageni, na hasa mlinzi, kwa kuwa ndiye pekee kwenu aliyemwita Bibi "Bibi".

Nabaki, kwa heshima na bila cherehani,

Mjukuu wa Fundi Asiyejulikana

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea Bibi barua hii. Alisikiliza mpaka mwisho huku akishona pindo kwa mkono. Kisha akasema nimeandika vizuri, ila bendera ile haikushonwa kwa cherehani hiyo. Wiki ile mkanda ulikuwa umekatika na cherehani iko kwa fundi wa kutengeneza mashine, kwa hiyo aliishona yote kwa sindano ya mkono, siku mbili, ameketi kizingitini. Kumbe mlichokifungia ni cherehani tu, kama nyingine yoyote. Nikamuuliza, kwa sauti niliyoijutia, kwa nini miezi yote hii hakusema.

"Nani aliniuliza?" akasema. "Ile fomu ya kuipendekeza cherehani uliijaza wewe, mjukuu wangu, ukaniletea nitie sahihi."

Ni kweli, Mheshimiwa. Niliijaza mimi, kwa mwandiko mzuri, na mahali palipoandikwa "Chanzo cha taarifa" nikaandika: "Inajulikana na wote."