Nimechoka Kuchukia Peke Yangu

Kwa Bwana Sheikh wa msikiti wetu,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeshaiitikia hapa hapa, marahaba, maana nakujua, utaanza kusoma kabla ya kuamkia. Mimi ni Tausi binti Pazi, bibi yake Pili muuza mitumba. Anayeandika ni huyo huyo Pili, mimi nasema tu.

Bwana Sheikh, kuamrisha mema na kukataza mabaya ni faradhi, sikatai. Umetufundisha mwenyewe: ukiona baya liondoe kwa mkono, ukishindwa kwa ulimi, ukishindwa lichukie moyoni. Na suruali kwa mwanamke ni baya, nimekubali. Alhamisi Mwinjuma, kiongozi wa vijana wako, kaja sokoni na wenzake, kazoa suruali zote kumi na moja mezani kwa Pili, eti anakataza kwa mkono. Ijumaa nikasimama uani msikitini nikasema. Ukanijibu mbele za watu, "Bibi, wewe chukia moyoni, inakutosha." Watu wakacheka. Haya. Leo siku ya tano nachukia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkono mmewapa vijana, na mkono wenyewe unaona viuno vya wanawake tu. Muuza mchele pale kona, mizani yake inalala upande kama mgonjwa, mkono haujamfikia. Au kwa kuwa ndiye aliyeleta zulia jipya msikitini? Nauliza tu. Zulia zuri, hata mimi nimelishika.

2. La pili. Si wewe, Pili, andika namba! Ulimi umebaki nao wewe, na kipaza sauti juu yake. Tangu mambo yawe ruksa kila mtu ana spika: disko spika, kanisa spika, wewe spika. Zamani suruali tuliipangia foleni, na hapakuwa na wa kuikataza maana haikuwepo. Nilikuwa nasema nini? Ulimi. Wangu una miaka sabini, haujawahi kukaa bure.

3. Moyo mmeniachia mimi peke yangu, na hiyo ndiyo kazi nzito. Nikimenya ndizi nachukia, nikichota maji nachukia, mboga imeungua mara tatu. Jirani yangu Veronika, mtu wa Matombo, Mkatoliki, kanionea huruma, kasema Jumapili akitoka misa atanipokea zamu. Je, chuki yake inahesabika kwetu? Naomba jibu la kitabu.

4. Tena ulisema kuchukia moyoni ndiyo imani ya chini kabisa. Basi mimi mmenipa ya chini, ya juu mkampa Mwinjuma, ambaye kitovu chake nimekikata mimi! Naomba tubadilishane zamu. Vijana wachukue moyo, wakae kwao wachukie kimya kimya. Wewe pumzika. Mkono na ulimi nipewe mimi kuanzia Jumatatu.

Lakini suruali kwanza. Meza ikikaa tupu mpaka Jumamosi, mkubwa wa soko anampa Bonifasi wa mabeseni, na kishamba chetu cha mlimani peke yake hakitatulisha mimi na Pili. Hapo sitanii.

Nisalimie mama watoto, mwadhini na kikohozi chake, na wote waliocheka uani.

Ni mimi nisiyejua kusoma ila nasikia vizuri,
Tausi binti Pazi (dole gumba)

N.B. Bahasha inalambwa, Mwinjuma huyo kapita kavaa suruali mojawapo. Zipu ubavuni, Bwana Sheikh! Ya kike, na hana habari. Nikamwambia kwa sauti mbele ya kina mama wote wa bombani. Kaganda. Nikamfunga kanga yangu, suruali nikaivuta, naye anavuta. Zile kumi kazileta mbio kabla hatujamaliza kucheka. Kwa hiyo zamu sikuingoja. Hii ya kumi na moja imechanika, haiuziki, nimeivaa ndani ya kitenge. Asubuhi shambani kule mlimani baridi inauma magoti, kumbe dawa yake hii. Basi Ijumaa, habari ya suruali iruke, wahubirie mizani.