Saa Iliyopona Kupita Kiasi

Audace, fundi wa redio karibu na soko kuu la Bujumbura, aliijua dawa kabla mgonjwa hajatolewa mfukoni. Daphrose, mpiga picha wa Mutakura, alilalamika kwamba kila asubuhi kamera yake ya dijitali husema ni tarehe moja Januari 2000, na wateja wamechoka kufunga ndoa zao zote Mwaka Mpya. Audace akamuuliza, kwa sauti ya daktari, jioni betri hulala wapi. Kwenye redio, alijibu Daphrose. Na vita hivi, nani angelala bila kusikiliza habari?

Basi ugonjwa wote ulikuwa huo. Ndani ya kamera mna betri ndogo inayotunza saa, nayo hula kutoka kwa zile kubwa. Ukizitoa kila jioni, ndogo inalala njaa na saa inasahau kila kitu. Dawa: acha betri ndani, usiziguse. Bei ya dawa: bure. Audace alitikisa kichwa kama aliyefiwa.

"Dada, hii ni operesheni. Nitaifungua yote. Uje Jumatano."

Daphrose akashtuka: Jumamosi alikuwa na harusi ya Laure, kule Kajaga. Audace, kwa huruma nyingi, akajitolea kwenda badala yake na kamera ya rafiki. Hakukuwa na rafiki. Alitumbukiza betri nne mpya za redio yake mwenyewe ndani ya kamera ya Daphrose, akairekebisha saa, na Jumamosi akapiga picha, akala, akalipwa. Picha zilipokwisha kusafishwa alizifuta zote ndani ya kamera, isipokuwa moja yake mwenyewe, kwa sababu alipendeza mno.

Jumatano, mbele ya wateja watatu waliokuwa kwenye benchi, aliapa kwamba saa hiyo sasa haikosei hata dakika, mradi betri zisiguswe tena. Daphrose akalipa, kisha akabonyeza kitufe cha kutazama picha. Akatokea Audace na koti la kuazima, mchangani Kajaga, amekumbatia sahani ya samaki wa mukeke. Pembeni: 12.06.2004, ile Jumamosi ya harusi.

"Jumamosi kamera si ilikuwa vipandevipande?"

"Apana, dada. Hiyo nilijaribu jana, mi nilipita Kajaga. Tarehe inadanganya."

Daphrose hakupandisha sauti. "Basi haijapona, rudisha pesa yangu. Ao imepona, nipe ya harusi. Chagua, fundi, watu wanangoja."

Kwenye benchi, kila mmoja akaishika redio yake vizuri zaidi. Audace aliona kesho yake: fundi ambaye wagonjwa wake hawaponi.

"Imepona," akasema kwa sauti ndogo, na mkono ukaingia mfukoni.

Alipoomba walau betri zake nne, Daphrose alishangaa. "We ndiye daktari. Si umesema zisiguswe?"

Jioni ile Audace alisikiliza habari akiwa chini ya dirisha la jirani. Jirani akachungulia, akamuuliza redio ya fundi imepatwa na nini.

"Operesheni," akajibu Audace.