Kadi Fupi Kutoka Embu

Ijumaa, 17 Desemba 1999

Nimeamua. Krismasi hii boma langu litajaa watu. Lazima! Mwaka jana walikuja wanne, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Wengine wote, hata watoto wa dada yangu Ednah, walikuwa kwa Mwongera, katika hoteli yake yenye video. Video gani? Watu wanapigana mateke na hakuna anayejua walikosana wapi.

Zamani haikuwa hivi. Nilipokuwa naendesha pikapu ya miraa kutoka hapa Kangeta mpaka Nairobi, nilipiga honi mara moja tu sokoni na watoto wakatoka mashambani mbio. Nilikuwa na kasi, wacha! Siku moja nilifika uwanja wa ndege mapema mpaka rubani akaniuliza kama nililala huko.

Sasa nina mpango. Ushirika ulitoa kompyuta yake kuukuu, nami nikaichukua kwa kondoo dume. Mpwa wangu Nkirote, anayefundisha kompyuta mjini Meru, anasema kuna diski yenye mchezo wa mbio za magari. Magari! Hata kabla hajamaliza kusema, mguu wangu ulikuwa umeshatafuta klachi chini ya meza.

Jumamosi, 18 Desemba

Nkirote ameleta diski. Gari likasogea kwenye skrini. Likasimama. Likafikiria. Likasogea tena. Nikasema hata punda aliyebeba maji angelipita. Nkirote akasema kosa si la gari, ni la kompyuta, kwa kuwa haina kadi nzuri ya picha. Eti ni kibao kidogo kinachochomekwa ndani ya tumbo lake, na kazi yake ni kuchora picha haraka haraka. Mke wangu Karimi akauliza kama kadi hiyo inaweza pia kuchora mabati mapya pale jikoni panapovuja. 

Mwongera alikuwa anapita njiani, akasikia. Akasimama hapo kwa ua na kunicheka. Thuranira, akasema, si ungenunua ng'ombe tu? Ng'ombe hata akifa analiwa. Damu ikanipanda. Nikatangaza kwa sauti ya kufika sokoni kwamba siku ya Krismasi, saa nane, watoto wote wa Kangeta waje kwangu waone magari. Hata watoto wa Mwongera!

Nimeshasema. Hapo sasa hakuna gia ya kurudi nyuma.

Jumatatu, 20 Desemba

Nimeenda Embu kutafuta kadi. Nkirote alitaka kuja nami anisaidie kuchagua. Nikamwambia mimi nimechagua miraa nusu ya maisha yangu, nitashindwa na kibao?

Duka ni la kijana mmoja, Muchangi, anayeuza kompyuta za mkono wa pili. Alinitolea kadi mbili za bei ya mtu wa kawaida. Moja ndefu kama rula, imejaa vidude vyeusi. Nyingine fupi, changa, ncha yake nyekundu. Sikuuliza swali hata moja. Miraa nzuri ni fupi na ncha nyekundu. Ndefu ni ya kuuzia wageni. Nikanyoosha kidole kwa ile fupi.

Muchangi akashangaa. Mzee, akasema, kumbe unajua hizi vitu! Wengi wanakimbilia ile ndefu kwa ukubwa wake, na ni ya kizamani, michezo itaishinda. Nikamwambia nilikuwa nachagua vitu vizuri kabla mama yake hajaolewa.

Akaniongezea onyo. Kadi hii inapata joto sana ikifanya kazi, niitafutie baridi. Nikacheka peke yangu. Mtu wa Embu anamfundisha mtu wa Kangeta kutunza kitu kisipate joto!

Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa plastiki unaong'aa. Nikautupa. Plastiki inapika.

Njiani kurudi nikateremka Karurumo. Enzi za pikapu hapo palikuwa na hoteli ya Mbaka. Rejeta ikichemka, Mbaka alikuwa analipatia gari maji kwanza, ndipo dereva apate chai. Alikuwa akisema dereva anaweza kungoja, mzigo hauwezi. Chai yake ilikuwa nzito, kijiko kinasimama. Sasa ni duka la mbolea. Nililitazama mpaka mwenyewe akatoka kuniuliza nataka mbolea gani.

Nyuma ya duka kulikuwa na migomba. Nikaomba majani mawili mabichi. Nikaifunga kadi vizuri kama miraa ya safari, tabaka juu ya tabaka, nikaikaza kwa kamba ya mgomba, nikainyunyizia maji. Pale Chuka nikainyunyizia tena. Imefika nyumbani ikiwa baridi kama kisima!

Jumanne, 21 Desemba

Sikumngoja Nkirote. Nilifungua majani asubuhi. Kadi mbichi kabisa, ina umande. Nikaichomeka pale ilipoingia, nikawasha.

Pwaa!

Moshi kidogo. Harufu ya manyoya ya kuku yaliyoungua. Kisha kimya.

Nkirote alipofika aliona majani mezani, akauliza yalikuwa yamefunga nini. Nikamweleza. Akakaa chini. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akafungua kompyuta, na kicheko kikaisha. Ankol, akasema, kadi imekufa, na haikwenda peke yake. Ndani kote kumeungua. Maji na stima, Ankol!

Nikamweleza kosa ni la majani ya Embu. Yana maji mengi. Majani ya kwetu yasingefanya hivyo.

Alhamisi, 23 Desemba

Nimeianika kadi kwenye mabati siku nzima. Hakuna kitu. Skrini ikiwashwa ni nyeusi tititi, ila taa moja ya kijani pembeni. Nkirote anasema niwaambie watoto mapema wasije.

Jioni Karimi akasema basi, Baba Mutuma, waache waende kwa Mwongera, sisi tutakula chapati zetu. Alisema polepole, bila utani. Angenitukana ningejua la kumjibu. Lakini nimeona jikoni amenunua unga wa watu wengi. Na yeye alikuwa anawangoja.

Sikumwambia mtu yeyote asije.

Jumamosi, 25 Desemba, Krismasi

Walikuja! Wote! Walijaa uwanjani, wengine juu ya ua. Mwongera mwenyewe akaja, eti kusalimia.

Nikawasha. Nyeusi. Msichana mmoja wa Ednah akauliza gari liko wapi. Watu wakaanza kuguna. Mwongera akaanza kutabasamu. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Nikasema huu ni usiku, na taa za mbele zimekatika. Nyuma tuna miraa, na ndege haingoji mtu! Shika usukani! Msichana akashika kibodi. Kona ya Nkubu! Wakalala kushoto wote. Tope la Chuka! Wakasukuma. Tukateremka kuelekea daraja la Thuchi na breki zikagoma, na nikasikia mtu mzima akipiga kelele kule nyuma, Gia, Thuranira! Ingiza gia! Alikuwa Mwongera.

Karurumo rejeta ikachemka. Mbaka akatoka na ndoo. Nilimwona kabisa, na kofia yake. Nikampungia mkono, watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo. Tulifika Nairobi propela ya ndege ikiwa imeanza kuzunguka, na boma lote likapiga vifijo. Chapati ziliisha. Karimi akapika nyingine, akiimba.

Jumapili, 26 Desemba

Baada ya kanisa watoto wamerudi, wengi kuliko jana. Wanataka leo twende Mombasa. Wakaniomba kompyuta niiache ndani, eti inawazibia wasinione vizuri. Nkirote akaniambia, Ankol, si unaona, wanakuja kwa ajili yako.

Nilimhurumia. Amesoma sana lakini hajui biashara. Ikiwa kadi iliyokufa imejaza boma namna hii, iliyo hai itafanya nini? Watajaa mpaka barabarani! Nimepata habari ya duka Nairobi lenye kadi kubwa, na kuna mtu anayemtaka yule mbuzi wa Karimi. Karimi bado hajui.

Watoto walikuwa wanapiga kelele ya Mombasa, Mombasa, siwezi kufikiri. Nimewafukuza wote waende kwa Mwongera. Sasa boma limetulia, naweza kupanga.